Habari za Konstantin Tsiolkovsky, Mwalimu Aliyehesabu Njia ya Nyota

Tangu zamani watu wamezitazama nyota na kuzitumia katika kazi zao. Mabaharia waliziangalia wapate kujua njia yao baharini, na wakulima walikitazama Kilimia wapate kujua majira ya kulima. Waliona pia ya kuwa nyota chache hazikai mahali pamoja, bali husafiri katikati ya nyingine. Wakaziita sayari, wakazipa majina: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtarii na Zohali. Baadaye wataalamu wenye darubini walitambua ya kuwa sayari si taa zilizotundikwa juu, bali ni nchi kubwa zilizo mbali, zizungukazo jua kama dunia yetu.

Lakini hakuna aliyejua jinsi mtu awezavyo kusafiri kwenda huko. Ndege hupaa kwa kupiga hewa kwa mabawa yake, na juu sana hewa hupungua hata ikaisha. Pasipo hewa mabawa hayafai kitu. Mtu wa kwanza aliyeonyesha kwa hesabu kamili njia ya kutoka katika dunia hakuwa tajiri, wala hakuwa mkuu wa chuo. Alikuwa mwalimu wa shule katika mji mdogo wa nchi ya Urusi, naye alikuwa karibu kuwa kiziwi. Jina lake ni Konstantin Tsiolkovsky.

1. Utoto wake

Konstantin alizaliwa mwezi wa Septemba, mwaka 1857, katika kijiji cha Izhevskoye, jimbo la Ryazan. Baba yake, Eduard, alikuwa mtumishi wa serikali katika kazi ya misitu. Mama yake aliitwa Maria. Nyumba yao ilikuwa na watoto wengi na fedha chache. Konstantin alikuwa mtoto mchangamfu, alipenda kukimbia, kupanda miti na kurusha tiara.

Alipokuwa na umri wa miaka 10 hivi, wakati wa baridi kali, alishikwa na homa ya vipele vyekundu. Watu wa nyumbani walidhani atakufa. Hakufa, lakini alipopata nafuu waliona ya kuwa masikio yake yameharibika, wala hasikii ila sauti kubwa iliyo karibu. Tangu siku hiyo maisha yake yakabadilika. Wenzake walipocheza, hakuelewa wanachosema. Walipocheka, hakujua wanachekea nini. Shuleni aliketi darasani asisikie maneno ya mwalimu. Mama yake, ambaye ndiye aliyemfundisha kusoma na kuandika, alifariki mwaka 1870, naye Konstantin alikuwa bado mtoto. Baada ya muda akatoka shuleni kwa kuwa hakuweza kuendelea na masomo.

Basi akabaki nyumbani, katika mji wa Vyatka, pamoja na vitabu vichache vya baba yake. Kwa kuwa hakuweza kusikia walimu, vitabu vikawa walimu wake. Siku moja alisoma jinsi ya kupima umbali wa kitu bila kukiendea. Akatengeneza kipimo chake mwenyewe cha ubao, akaelekeza kwenye mnara wa wazima moto uliosimama mjini, akafanya hesabu asitoke nyumbani. Hesabu ikamwonyesha arshini 400, nayo arshini ni kipimo cha Kirusi kipungukacho katika mita moja. Kisha akaenda kwa miguu akapima mwenyewe, akaona ni arshini 400 kweli. Jambo hili lilimshangaza sana. Alifahamu ya kuwa hesabu iliyo sahihi huweza kufika mahali ambapo mguu wa mtu haujafika bado. Fahamu hiyo hakuiacha mpaka kufa kwake.

2. Mkate mweusi na vitabu

Baba yake alipoona jinsi kijana anavyotengeneza vyombo kwa mikono yake, alimpeleka Moscow mwaka 1873 apate kujifunza zaidi. Konstantin alikuwa na umri wa miaka 16, peke yake katika mji mkubwa, wala hakuingia chuo chochote. Kila siku alikwenda maktaba ya watu wote akasoma hesabu, elimu ya nyota, na elimu ya nguvu za vitu, kuanzia kitabu cha kwanza mpaka cha mwisho.

Baba yake alimpelekea rubli 10 hata 15 kila mwezi. Fedha hizo hazikuwa nyingi, lakini zingalimtosha mtu kula. Yeye hakuzila. Kila siku ya tatu alinunua mkate mweusi wa kopeki 9, akauishia huo pamoja na maji, na fedha zilizobaki akanunua vitabu, zebaki, na dawa za kufanyia majaribio. Shangazi yake alimpelekea soksi za sufu wakati wa baridi, naye akaziuza kwa bei ndogo ili anunue dawa nyingine. Dawa kali zilimwagikia suruali yake zikaitoboa, na vijana wa njiani walimcheka wakidhani panya wameila.

Usiku mmoja wazo lilimjia. Alidhani amegundua chombo kitakachoweza kupaa juu angani: sanduku lililofungwa, ndani yake mipira mizito iliyofungwa kwenye vyuma, ikipigapiga huku na huku mpaka sanduku liinuke. Furaha ikamjaa hata asiweze kukaa chumbani. Akatoka akatembea katika njia za Moscow gizani, akiuchunguza ugunduzi wake. Lakini kabla hajarudi nyumbani aliona kosa. Chombo hicho kingetikisika tu, wala kisingeondoka mahali pake, kwa maana nguvu ya ndani ya sanduku hushindana na nguvu nyingine ya ndani ya sanduku hilo hilo. Mtu aliyeketi ndani ya kikapu hawezi kukiinua kikapu hicho kwa kuvuta mpini wake.

Wengine wangalikata tamaa. Konstantin alisikitika, lakini alipata faida mbili. Kwanza, alijifunza kuipinga hesabu yake mwenyewe kabla watu wengine hawajaipinga. Pili, swali lenyewe lilimkaa moyoni: ikiwa nguvu ya ndani haitoshi, ni nini kitakachokisukuma chombo mahali pasipo hewa?

3. Kazi ya ualimu

Baba yake alipopata habari ya kuwa mwanawe amekonda kwa njaa, alimwita arudi nyumbani. Konstantin akarudi mwaka 1876, akawa akiwafundisha watoto wa watu hesabu. Mwaka 1879 alifanya mtihani wa ualimu akashinda, na mwaka 1880 serikali ikampeleka mji mdogo wa Borovsk, afundishe hesabu na jiometri. Mwaka huo huo alimwoa Varvara Sokolova. Wakapata watoto saba.

Alifundisha karibu miaka 40. Kwa sababu ya masikio yake aliwaeleza wanafunzi kuliko kuwauliza, na mwanafunzi alipotaka kusema, mwalimu alitega sikio karibu naye. Baadaye alijitengenezea baragumu ya bati ya kusikilizia. Aliwaonyesha wanafunzi mambo kwa macho: alirusha baluni ya karatasi iliyojazwa hewa ya moto, na wakati wa baridi aliteleza juu ya barafu ya mto akisukumwa na upepo. Watu wa mji walimwona mtu wa ajabu.

Aliporudi jioni kutoka shuleni, alianza kazi yake ya pili mezani. Mwanzo wa kazi hiyo ulikuwa na uchungu. Alikaa siku nyingi akitafuta kwa akili yake sheria za mwendo wa hewa na mvuke, akaandika kitabu, akakipeleka kwa wataalamu wa mji wa Petersburg. Wakamjibu kwa adabu ya kuwa mambo hayo ni ya kweli, lakini yamekwisha kugunduliwa karibu miaka 25 iliyopita. Mwalimu wa Borovsk hakuwa na mtu wa kumwambia hivyo mapema. Hata hivyo wataalamu wale walitambua ya kuwa mtu awezaye kugundua hayo peke yake si mtu wa kudharauliwa, wakamtia moyo aendelee.

Mwaka 1887 nyumba aliyokaa ikashika moto. Vitabu vyake na karatasi zake zikateketea. Mwaka 1892 akahamishwa kwenda mji wa Kaluga, na huko akakaa mpaka kufa kwake. Huko Kaluga alijenga chombo cha kuvumisha upepo, apate kupima jinsi hewa inavyokizuia kitu chenye umbo hili au lile. Chuo Kikuu cha Elimu cha Urusi, kilichoitwa Akademia, kilimpa rubli 470 za kusaidia kazi hiyo.

4. Hesabu ya roketi

Swali la ujana wake lilikuwa lingali likimsumbua, naye akaliona jibu. Fikirini mtu aliye katika mtumbwi uliotulia juu ya maji, hana kasia, lakini ana mawe. Akilitupa jiwe kwa nguvu kwenda nyuma, mtumbwi husogea kidogo kwenda mbele. Akitupa mawe mengi, mmoja baada ya jingine, mtumbwi hupata mwendo. Haukusukumwa na hewa, ila kwa kuliacha jiwe nyuma. Roketi hufanya vivyo hivyo. Fataki irukayo siku ya sikukuu hutupa moshi wake nyuma kwa nguvu, nayo huenda mbele. Kwa hiyo roketi ndiyo chombo kiwezacho kwenda hata mahali pasipo hewa.

Watu walizijua fataki tangu zamani, lakini hakuna aliyekuwa amehesabu kama zaweza kumtoa mtu duniani. Tsiolkovsky alihesabu mwaka 1897. Aliona ya kuwa mwendo wa roketi hutegemea mambo mawili tu: mbio za moshi utokao nyuma, na jinsi uzito wa roketi iliyojaa unavyozidi uzito wake ikiwa tupu. Tena aliona jambo gumu. Roketi ikiwa imejaa ina uzito mara 4 kuliko ikiwa tupu, hupata mwendo fulani. Ukitaka mwendo huo uwe mara mbili, haitoshi kuwa na uzito mara 8. Yakupasa uwe mara 16. Ukitaka uwe mara tatu, yakupasa uwe mara 64. Basi mafuta huongezeka upesi kuliko mwendo.

Nayo safari yataka mwendo mkubwa mno. Kitu kikitaka kuizunguka dunia bila kuanguka, sharti kiende karibu kilomita 8 kwa sekunde moja. Kikitaka kuiacha dunia kabisa, sharti kiende zaidi ya kilomita 11 kwa sekunde. Baruti haitoshi kwa kazi hiyo. Kwa hiyo Tsiolkovsky alichagua vitu vyenye nguvu zaidi: haidrojeni na oksijeni zilizopozwa hata zikawa maji, kila moja katika tangi lake, zikutane na kuwaka ndani ya injini.

Mambo hayo aliyachapisha katika gazeti moja la elimu mwaka 1903. Mwaka huo huo ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, waliruka kwa ndege yenye injini kwa mara ya kwanza. Watu walikuwa hawajaruka bado kwa ndege juu ya nyumba zao, naye mwalimu wa Kaluga alikuwa amekwisha kuhesabu njia ya kutoka duniani. Ni watu wachache mno walioisoma habari yake. Gazeti likafungwa, na sehemu ya pili haikuchapishwa mpaka miaka 1911 na 1912.

5. Mambo yaliyomgharimu

Si haki kuzisifu kazi zake na kuwasahau waliozilipia. Mara nyingi alichapa vijitabu vyake kwa fedha za mshahara wake, na mshahara huo ndio ulionunua chakula cha watoto. Varvara alishona, akapika na kulea katika uhaba, wala hakupata sifa. Mwaka 1908 mto Oka ulifurika, maji yakaingia nyumbani, yakaharibu karatasi na vyombo vya kazi. Tsiolkovsky akaanza tena, kama alivyoanza baada ya moto.

Tena alikuwa na kosa lake. Kwa miaka mingi alitaka kujenga merikebu kubwa ya hewani iliyotengenezwa kwa madini matupu, akatumia nguvu nyingi kuliko alizotumia kwa roketi, akawaandikia wakubwa mara kwa mara. Merikebu hiyo haikujengwa kwa ukubwa wake hata siku moja. Jambo alilolithamini sana lilipita, na jambo walilocheka watu likabaki.

Mwaka 1921 serikali mpya ya Urusi ilimpa malipo ya uzeeni, akaacha kufundisha. Mwaka 1923 akapokea barua ya mvulana wa shule wa miaka 15, Valentin Glushko wa mji wa Odessa, aliyeuliza habari za safari za sayari na kuomba vitabu. Mzee hakuidharau barua ya mtoto. Alimjibu, akampelekea vitabu vyake, wakaandikiana miaka kadhaa.

Siku zile zile watu wa nchi nyingine pia walikuwa wakiifuata njia hiyo, kila mmoja kwa akili zake. Huko Ujerumani Hermann Oberth alitoa kitabu mwaka 1923, na huko Marekani Robert Goddard alirusha roketi ya kwanza yenye mafuta ya majimaji, tarehe 16 Machi 1926. Tsiolkovsky mwenyewe hakurusha roketi kubwa hata moja. Kazi yake ilikuwa kalamu.

6. Makao nje ya dunia

Alipokuwa mzee aliandika kwa mpango hatua ambazo watu watapita mpaka wapate kukaa mbali na dunia. Hakufikiri safari tu, bali maisha. Mtu atavuta hewa gani? Alisema mimea ikuzwe katika nyumba za kioo juani, kwa maana mimea husafisha hewa na kutoa chakula. Mtu atatokaje nje ya chombo bila hewa kumwagika? Alieleza chumba kidogo chenye milango miwili, mmoja usifunguliwe mpaka wa pili ufungwe. Mtu atavaa nini? Vazi lililofungwa pande zote, lenye hewa ndani yake. Na mahali ambapo vitu havina uzito, mtu atasimamaje? Ukiizungusha ndoo ya maji kwa kasi, maji hayamwagiki. Basi nyumba ikizungushwa, wakaao ndani watasimama sakafuni kama duniani.

Kwa ajili ya ile shida ya uzito wa mafuta, alieleza mwaka 1929 jinsi roketi nyingi zinavyoweza kuungwa kama mabehewa ya gari la moshi. Ya kwanza ikimaliza mafuta yake huachwa ianguke, na nyingine huendelea bila kuubeba mzigo huo. Alitumaini ya kuwa watu watajenga kwanza makao kuizunguka dunia, kisha wataenda mbali zaidi mpaka kwenye sayari, wakitumia nguvu za jua.

7. Mwisho wake, na matunda ya kazi yake

Konstantin Tsiolkovsky alifariki mjini Kaluga tarehe 19 Septemba 1935, akiwa na umri wa miaka 78. Hakuona hata moja katika hayo aliyoyahesabu.

Lakini tarehe 4 Oktoba 1957, miaka 100 baada ya mwaka wa kuzaliwa kwake, Warusi walirusha Sputnik, mwezi wa kwanza uliofanywa na watu. Tarehe 12 Aprili 1961 Yuri Gagarin akaizunguka dunia, mtu wa kwanza kufanya hivyo. Injini zilizowainua wote wawili zilitengenezwa chini ya mkono wa Valentin Glushko, yule mvulana aliyeandika barua. Mwaka huo huo Gagarin alikwenda Kaluga akaweka jiwe la msingi la nyumba ya makumbusho ya mwalimu yule. Tarehe 20 Julai 1969 Wamarekani wawili walishuka mwezini, na roketi iliyowapeleka ilikuwa na mabehewa matatu, mawili kati yake yakitumia haidrojeni na oksijeni. Hata katika pwani yetu njia hiyo ilitumika: tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitalia lililo baharini karibu na Malindi, roketi ya vipande vinne ilichukua chombo cha kuchunguza nyota kilichoitwa Uhuru. Mahali hapo palichaguliwa kwa kuwa pa karibu na ikweta, ambapo dunia huzunguka kwa kasi zaidi na kuisaidia roketi.

Tangu Novemba 2000 watu wamekaa bila kukoma katika kituo kiizungukacho dunia, wakipokezana. Mirihi bado haijakanyagwa na mtu. Vyombo tu ndivyo vilivyofika. Safari ni ya miezi mingi, hewa ya huko ni nyembamba wala haivutiki, na baridi yake ni kali. Atakayekwenda kukaa huko atapaswa kujibu maswali yale yale ya hewa, maji, chakula na vazi, yaliyoandikwa mezani mwa mwalimu wa Kaluga.

Katika upande wa mwezi usioonekana kutoka duniani kuna shimo kubwa lililopewa jina la Tsiolkovsky. Jina lake limefika mahali ambapo mguu wake haukufika, kama vile hesabu yake ilivyofika kwenye mnara wa Vyatka siku za utoto wake. Mtoto aliyeondoka shuleni kwa kuwa hasikii alifundisha watu wa nchi nyingi, kwa sababu alipofungiwa mlango mmoja hakuketi kulia kizingitini, bali alitafuta mwingine. Mvumilivu hula mbivu, wasemavyo wazee. Na hata asipozila yeye, wataokuja nyuma watazila.